Vifaa vya kuzamia kwa sisi wa Kigoma: dukani au mtandaoni?

Nimeshapoteza hela kwa miwani. Niliiagiza mtandaoni kwa sababu ya rangi tu, ikaja na basi kutoka Dar, nikaenda kuijaribu ufukwe wa Jakobsen. Sijafika hata mita tatu, maji yako puani. Nikadhani ni sharubu, maana kweli nywele huvujisha. Nikanyoa. Ikavuja vilevile, na mke wangu akanicheka wiki nzima.

Kwa hiyo, namba moja kwangu ni duka la vifaa huko Dar au Zanzibar, siku ukiwa na safari zako. Hapo unaiweka miwani usoni bila kuvaa mkanda, unavuta hewa kidogo kwa pua, unaachia mkono. Ikiganda usoni, lipa. Ikianguka, rudisha, hata kama muuzaji anaapa kwamba ukikaza mkanda itakaa. Shika na ukingo wake: silikoni laini, si plastiki ngumu. Kioo kiwe kimeandikwa TEMPERED, yaani kioo kilichoimarishwa. Ile miwani ya kuogelea ya sokoni isiyofunika pua iache kwa watoto. Ukizama nayo inakubana macho, na huna pa kupulizia hewa kuilegeza.

Namba mbili ni mtumba wa mzamiaji anayehama. Bei huwa nzuri, ila regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi kwa mdomo, omba karatasi za matengenezo, kisha ivutie pumzi mwenyewe. Mtungi wa hewa angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa begani. Ikizidi miaka 5, kuupima upya ni juu yako. Na kabla hujanunua mtungi, jiulize utaujaza wapi. Mimi nakodi.

Mtandaoni naweka namba tatu, ila kuna kitu kimoja ambacho hapo ndipo pake: kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kukuhesabia kina na muda salama wa kukaa chini. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kuzamia, yanayoonyesha muda wa kukaa kila kina, yametengenezwa kwa baharini. Ukivuka mita 300 hesabu inabadilika. Soma maelezo ya muuzaji mpaka uone kwamba kompyuta inajua mwinuko na maji yasiyo na chumvi. Mapezi nayo agiza tu, ya kisigino wazi yanayovaliwa na viatu, kwa sababu mawe ya kwetu hayana huruma na nyayo. Ukiona bei ni ya kutupa, jumlisha kwanza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18.

Suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 3 inatosha, ziwa lina joto.

Vizito vya madini ya risasi, vya kukusaidia kuzama, usiagize kabisa. Utalipia usafirishaji wa kilo, halafu ukifika majini ugundue vingine huvihitaji, kwa kuwa ziwani mtu huelea kidogo kuliko baharini.