Pikipiki Mpya kwa Kuukuu Hapa Malindi: Uchukue Ipi, na Kutu Uitazame Wapi

Malalamiko ninayoletewa na wenye pikipiki za hesabu, zile unazompa kijana aendeshe akuletee pesa ya siku, ni yale yale. Mtu amepeleka pikipiki yake kuukuu kwa muuzaji mjini aongeze pesa achukue mpya. Inatembea, injini haina kelele, logbuku, ile hati ya umiliki, iko kwa jina lake. Muuzaji anaizunguka mara moja, anainama, anapitisha kidole chini ya injini, anainuka na kukionyesha kidole chenye unga mwekundu. "Dada, kutu hii nitamuuzia nani?" Bei imeshaanguka. Dada wa watu anatoa pesa zaidi ya alizopanga, na kabla mwezi haujaisha anaiona kuukuu yake imesimamishwa barazani pale pale, imepulizwa rangi nyeusi ya kopo, inauzwa karibu mara mbili ya alivyopewa.

Hili linaniudhi sana, kwa hivyo leo nalisema lote.

Ulaji wa mafuta sitaugusa, wala mwendo, wala rangi. Hayo nenda stendi yoyote ya boda, Maweni au Barani, utaambiwa bure na utaambiwa kweli. Mimi nazungumzia kutu, kwa sababu Malindi kutu ndiyo inayopanga bei, siku unayonunua na siku unayorudisha. Wanaotushauri kutoka Nairobi hawaijui. Chuma cha kule hakipumui bahari.

Kusi ikivuma inabeba rasharasha za mawimbi mpaka ndani ya mji. Chumvi ikishatua kwenye chuma haikauki, inanyonya unyevu wa hewani mchana na usiku, na chuma kilicholowa maji ya chumvi huliwa haraka kuliko kilicholowa maji matupu. Anayelaza pikipiki Shella au Casuarina, karibu na bahari, yumo hatarini, na anayebeba wafanyakazi wa mashamba ya chumvi Gongoni na Ngomeni yumo zaidi.

Halafu tunaiongezea kwa mikono yetu. Wengi wanaoosha pikipiki hapa mjini wanatumia maji ya kisima, na visima vya upande wa bahari vingi vina chumvi, onja utajua. Pikipiki inatoka inang'aa kumbe chumvi imesukumwa kwa pampu hadi ndani ya maungio. Mwambie kijana wako aoshe kwa maji ya mfereji, yale ya bomba yanayoletwa kutoka Baricho, hata kama ni ndoo moja na kitambaa. Na asiisahau sehemu ya chini, maana wanaosha tangi kwa sababu ndilo linaloonekana na abiria.

Sasa, ukinunua kuukuu, tutazame wapi. Mwambie muuzaji aifungue siti, na akisita, uliza kwa nini. Washa tochi ya simu, mulika pale mabomba ya chesisi, yaani mifupa ya pikipiki, yanapokutana karibu na betri. Kwenye alama ya kuchomelea pitisha ncha ya ufunguo, polepole. Rangi ngumu inateleza tu. Ikiinuka kama gamba la samaki na chini yake kuna unga, hiyo kutu haikuanza jana. Kisha lala chini, usione haya, leta leso ukalalie: tazama mabomba yaliyobeba injini na tumbo la swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, upande wa mnyororo, ambako tope na grisi hujificha pamoja na chumvi. Kwenye tangi tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Mahali inapokataa kushika pamezibwa kwa bodifila, ule udongo wa kuzibia mabati, na bodifila haizuii petroli kwa muda mrefu.

Sehemu ya mwisho ndiyo watu wanaisahau, nayo ndiyo ninayoihofia kuliko zote: kichwa cha chesisi, chini ya usukani, ambako namba ya chesisi imepigwa kwenye chuma. Kila usukani unapogeuzwa, nyaya za klachi na breki zinasugua pale. Miaka miwili mitatu ya kugeuza geuza kwenye vichochoro vya Kisumu Ndogo hapa mjini, rangi imetoka, chumvi imeingia, namba inaanza kuliwa. Namba hiyo lazima ilingane na iliyo kwenye logbuku. Isiposomeka, muuzaji ana haki ya kukataa, na polisi wana haki ya kuuliza. Ninawaambia vijana wangu wafunge nyaya zisisugue, na wapake grisi nyepesi juu ya namba. Grisi inafutika, namba ikiliwa hairudi.

Usidhani mpya imesalimika. Pikipiki iliyokaa barazani miezi, inaangalia barabara na kupigwa na upepo, imeshaanza kuliwa kabla hujailipia. Tazama vichwa vya spoki, nati za ekzosi, na chini ya stendi. Ukikuta wekundu, omba iliyoko stoo ndani. Usikubali kuambiwa "itafutwa na mafuta". Mafuta yanaficha, hayaponyi.

Sasa ipi?

Ya kwanza ni Bajaj Boxer 150, na hapa sibishani na mtu. Injini yake ni chini kidogo ya cc 145, inabeba mkaa kutoka Langobaya na abiria wawili kutoka Ganda bila kulia, lakini sababu yangu si hiyo. Sababu yangu ni kwamba kwa Boxer kutu ina dawa. Swingamu, ekzosi, madigadi, tangi, siti, spoki, kila kilicholiwa kina mwenzake dukani, na fundi yeyote kuanzia Mambrui hadi Gede anakibadilisha huku anazungumza na simu. Kwa hivyo ukiirudisha baada ya miaka, unaweza kubadilisha vitu viwili vitatu vilivyooza kwa pesa ndogo kabla ya kuipeleka, na muuzaji anakosa la kuonyesha kwa kidole. Naye anajua fika kwamba Boxer kuukuu haikai barazani. Wateja wanaiulizia kwa jina. Akikwambia Boxer yako itamkalia, mtazame machoni.

Ukiwa mbebaji mwepesi, wa mjini tu, Boxer ya cc 100 inakutosha, ila siku ya kurudisha soko lake hapa ni la watu wachache kuliko la 150.

Ya pili ni TVS HLX. Ninaiheshimu. HLX 150 ya gia tano inapendwa na wanaokwenda mbali, Marafa au Marereni, na Car & General ambao ndio mawakala wao wana jina la siku nyingi nchini. Vipuri vyake vinapatikana, ila si katika kila duka la pembeni kama vya Boxer. Huko vijijini utasubiri kiletwe kutoka mjini. Ukipata muuzaji anayekupa bei nzuri ya kuukuu yako kwa TVS na mwingine anakubana kwa Boxer, chukua TVS, sitakununia.

Ya tatu, Honda Ace 125. Injini tulivu, na mwenye pikipiki akiendesha mwenyewe ataipenda. Kwa kazi ya hesabu naiweka ya tatu kwa sababu wauzaji wetu hawaijulii bei ikirudi. Wanaitazama, wanakuna kichwa, wanakupa bei ya chini kwa kuogopa. Yamaha Crux nayo ni hivyo hivyo.

Zile za bei rahisi za majina mengi kutoka China zinaanza kazi vizuri, lakini sijaona muuzaji hapa akizikubali kwa kubadilishana bila kukupa bei ya chuma chakavu. Kama ndiyo pesa uliyo nayo, nunua ukijua utaitumia mpaka ife.

Turudi kwenye meza ya muuzaji, maana hapo ndipo pesa zinapotea. Wana neno lao: "ongeza". Ongeza kiasi fulani, uondoke na mpya. Usijibu swali hilo. Ni bei mbili zilizofungwa pamoja ili usione ipi imekuumiza. Mazungumzo yaende hivi:

"Dada, we ongeza laki na ishirini tu, mpya ni yako."

"Mpya kwa pesa taslimu, bila kubadilisha, ni ngapi?"

"Kwani hutaki kubadilisha?"

"Nambie kwanza bei, kaka yangu."

Tuseme akajibu 180,000. Maana yake kuukuu yako ameipa 60,000. Tuseme jirani yake naye anataka uongeze 120,000, lakini mpya yake anaiuza 195,000: yeye kuukuu yako ameipa 75,000, na huku amepandisha mpya kwa 15,000. Anajisifu kwamba amekuthamini, na mfukoni mwako imetoka pesa ile ile. Ukishazitenga bei hizi, utamwambia wa pili: kuukuu nipe hiyo hiyo 75,000, na mpya niuzie kwa 180,000 kama mwenzako. Atapiga kelele, ataapa. Mwache aape. Kabla ya kufika kwake uwe umeshapiga simu Mombasa ukauliza bei, kilomita kama 120 tu kutoka hapa, na umwambie umeuliza. Helmeti na jaketi anazokupa "zawadi" zisiingie kwenye hesabu, hazibadilishi bei ya chuma.

Najua ushuru ni mzito. Sheria ya mwaka 2015 iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 10,000 kwa kila pikipiki inayoingizwa nchini, kiwango ambacho kilipandishwa baadaye, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Kwa hayo simlaumu muuzaji wa Malindi. Ninamlaumu kwa kuitumia kutu kama fimbo kwa mwenye kuuza, halafu kuificha kwa rangi ya kopo kwa mwenye kununua. Kama kutu ni hasara ya elfu ishirini asubuhi, basi ni hasara ya elfu ishirini jioni pia. Kwa nini mama muuza samosa mwenye pikipiki ya hesabu aibebe mara mbili, akiuza na akinunua? Anayenunua ile iliyopakwa rangi ni mwenzake vile vile, mtu wa chama, aliyeweka shilingi hamsini hamsini. Hakuna anayemfungulia siti.

Na fundi unayekwenda naye mlipe wewe, kabla ya kufika, umlipe vizuri. Wako mafundi wanaolipwa na pande zote mbili, wewe nauli na muuzaji kitu cha mkono, na huyo hawezi kuiona kutu hata akiikalia.

Siku moja kabla ya kuipeleka kwa muuzaji, osha kuukuu yako kwa maji ya mfereji, kwangua kutu ya juu kwa brashi ya waya, paka dawa ya kuzuia kutu, na ubaki na risiti ya kila ulichobadilisha. Usipulize rangi mpya kote. Muuzaji akiona rangi mbichi atasema iligongwa, na safari hii atakuwa na hoja.

Wanaolipa kidogo kidogo wafanye hesabu ya jumla kabla ya kusaini. Shilingi 400 kwa siku kwa siku 540 ni 216,000, na ukitoa 30,000 mwanzo umefika 246,000. Linganisha na bei ya taslimu uone unanunua nini. Tena pikipiki iliyo chini ya mkopo logbuku yake imeshikwa na mkopeshaji, kwa hivyo usiipeleke kubadilisha mpaka umalize na jina la mkopeshaji liondolewe.

Jambo la karatasi ndilo lililomtoa machozi msomaji wangu mmoja wa Muyeye. Aliacha kuukuu, akaacha nakala ya kitambulisho, akaambiwa "tutakuhamishia, dada, usijali". Haikuhamishwa. Ikauzwa kwa mtu, mtu akamgonga mtu, na polisi walipotafuta mwenye pikipiki walilipata jina lake. Kuhamisha umiliki kunafanyika eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wewe unayetoa ndiye unayeanzisha, anayepokea anakubali upande wake. Fanya hivyo kwa simu yako, ukiwa umekaa pale pale dukani, na yeye akubali mbele ya macho yako kabla hujamkabidhi ufunguo. Akisema mtandao uko chini, rudi na pikipiki yako nyumbani, uende kesho. Mpya pia ulizia jina lako litasajiliwa lini, na uandikiwe tarehe kwenye risiti yenye namba ya chesisi na ya injini uliyoisoma wewe mwenyewe kwenye chuma, si aliyokusomea yeye.