Deki ipi ununue Mtwara na Lindi kama bado una CD

Minada ya korosho ikifunguka mwezi wa kumi, maduka ya redio Mtwara, Masasi na Lindi yanajaza sabufa zenye taa za rangi, na wengi wanachagua kwa taa. Wewe mwenye CD za taarab, kaswida au harusi ya wazazi, chagua kwa jicho, ile lenzi ndogo inayokaa chini ya CD. Jicho likichoka, taa zote hazikusaidii kitu.

CD iliingia sokoni mwaka 1982, kazi ya Sony na Philips. Jicho hupiga leza kwenye vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mstari mmoja unaozunguka CD, kuanzia katikati kwenda ukingoni. Mwanzoni CD huzunguka karibu mara 500 kwa dakika, mwishoni kama 200. Kwa hiyo muuzaji akikuwekea wimbo wa kwanza, usiridhike. Ruka hadi wa mwisho, uusikilize mpaka uishe.

Ninayoiweka ya kwanza ni deki mpya ya DVD yenye sehemu ya flashi. Inasoma CD, VCD na DVD, na jicho lake mara nyingi hubadilishika. Lakini ndani ya jicho hilo mna leza mbili, moja ya DVD na nyingine ya CD, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki nzima. Nenda dukani na DVD moja, CD ya kiwandani, na CD iliyochomwa kwenye kompyuta. Zote tatu zisome hapohapo.

Ya pili ni redio kubwa ya mtumba. Sauti yake mara nyingi inaishinda deki mpya, nami ningeiweka juu kama si suala la umeme. Soma kibandiko cha nyuma: ya Japani imeandikwa 100V, na umeme wetu ni 230V. Ukiichomeka bila transfoma ya kushushia, umeiunguza. Tena FM ya nyingi za Japani inaishia 90, kwa hiyo stesheni zilizo juu ya hapo hutazipata.

Redio ya kubeba yenye CD ni ya tatu. Inakula betri sana, lakini mfuniko unafunguka juu na jicho unalifikia mwenyewe. Sabufa yenye CD naiweka mwisho kabisa: spika na jicho vimo kwenye boksi moja, besi ikipanda jicho linatikisika na wimbo unaruka.

Hata deki nzuri itasumbua siku moja, hasa Mikindani na Lindi mjini, ambako upepo wa bahari una unyevu na chumvi. Wimbo ukiruka, anza na CD yenyewe. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Mkwaruzo unaokatiza mstari mashine huweza kuuziba. Unaofuata mstari unafuta kipande kirefu. Na linda upande wenye maandishi, maana data ziko chini yake tu, na mchubuko wa huko hautengenezeki.

CD zote zikiruka, chomoa waya, kisha futa jicho taratibu kwa pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili kidogo, uache likauke. Mlango ukigoma kutoka, mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea, kitu cha bei ndogo. Ikiandika NO DISC hata baada ya kusafisha, huenda jicho limechoka. Hapo kuna mafundi watakaozungusha kiskrubu kilicho pembeni ya jicho ili leza iongezeke nguvu. Deki itaimba kwa muda, kisha leza itaungua moja kwa moja. Mwambie abadilishe jicho zima, na ulijaribu kwa CD zako kabla hujalipa.