Rangi ya silki sebuleni: nimepiga mwenyewe, maoni yangu ni haya

Kwa anayejiuliza kama silki, yaani rangi ya ukutani yenye mng'ao, inastahili bei yake: kwa sebule yenye watoto, inastahili. Dukani niliikuta karibu mara mbili ya rangi ya maji ya kawaida, ile inayokuachia unga begani ukiegemea ukuta. Nimekaa nayo tangu kabla ya masika. Alama za vidole kwenye swichi na michoro ya kalamu nyuma ya kochi zinafutika kwa kitambaa na maji ya sabuni, na ukuta haubaki na baka.

Ila silki haifichi kitu. Inang'aa, na jua la jioni likiingia dirishani kwa upande, kila kibonde na kila kovu la msumari linaonekana. Kwa hiyo kazi kubwa si ya rola, ni ya msasa. Nilikwangua rangi ya zamani iliyokuwa inabanduka, nikaziba mashimo kwa puti, ilipokauka nikapiga msasa, nikafuta vumbi, halafu nikapaka praima, rangi ya kutangulia, pale palipozibwa. Ukiruka praima, puti inanyonya rangi na mabaka yanabaki hata baada ya mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi. Fremu za milango zilikuwa na rangi ya mafuta ya miaka mingi. Hizo nilizisugua kwa msasa wa maji, watoto wakiwa kwa bibi yao, maana rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa mtoto.

Muuzaji alishaweka ndoo ya lita 20 juu ya kaunta kabla sijamaliza kusalimia. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, kuta zina mita 3 kwenda juu, yaani mita za mraba 54. Toa milango na madirisha, zinabaki kama 45. Lita 1 kwenye ukuta laini inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mikono miwili basi ni lita 8 au 9. Nikachukua makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1, nikayachanganya yote kwenye ndoo moja, kwa sababu rangi ya kuchanganyiwa dukani inaweza kupishana kidogo kopo kwa kopo.

Kwenye rola usibane pesa. Za bei ya chini zinaacha manyoya ukutani. Kona na kingo nilianza kwa brashi ya inchi 2, na rola ikafuata kabla hazijakauka. Kwa joto la Dar es Salaam feni lazima izimwe, la sivyo kingo zinakauka upesi na ukipitisha rola juu yake unabaki na mistari. Utatoka jasho, huna jinsi.

Dari nilimwachia fundi, na pesa yake alistahili.

Sehemu moja sijaigusa: chini ya ukuta unaopakana na bafu, panapotoa chumvi na rangi kuvimba. Dukani waliniambia nipige rangi ya nje, eti inazuia maji. Inazuia mvua inayopiga kutoka nje. Maji yaliyo ndani ya ukuta yataisukuma nayo itabanduka, kwa hiyo nasubiri mwenye nyumba alete fundi bomba kama alivyoahidi. Sisi wapangaji tunazijua ahadi hizo.

Kasoro ninayoilaumu kweli ni viraka. Silki ukiigusia sehemu ndogo baadaye, mng'ao wake haulingani na wa zamani, bora urudie ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Rangi iliyobaki nimeihifadhi kwa kazi hiyo, na namba yake nimeiandika nyuma ya kabati, maana lebo ya kopo ikishapata kutu haisomeki.