Ving'amuzi vya pointi kwa reli ndogo za DCC: kipi ununue kwanza

Mwenye reli ndogo ya DCC (mfumo wa kidijitali unaoendesha treni kwa amri zinazopita kwenye reli) akienda kutafuta king'amuzi cha pointi, yaani kifaa kinachopokea amri na kuigeuza pointi, pale treni inapobadilisha njia, hutazama bei kwanza, kisha idadi ya pointi ambazo kifaa kimoja kinaweza kuziendesha. Mimi namshauri aanze na maswali mengine mawili: mota zilizo chini ya pointi zake ni za aina gani, na king'amuzi chenyewe kinapokeaje anwani? Wanaojuta baada ya kununua, wengi wao walikosea hapo.

Tuanze na mota. Mota za koili mbili za aina ya Peco PL-10 huirusha pointi kwa pigo moja la umeme mwingi, la muda mfupi sana. Umeme ukiendelea kuingia baada ya hapo, koili inaungua. Mota za mwendo wa pole kama Tortoise ya Circuitron ni kinyume chake: zinataka volti 12 za DC wakati wote, na hata zikifika mwisho na kusimama hazili zaidi ya miliampea 16 hivi. Sevo, mota ndogo inayogeuka hadi pale unapoiambia, nayo huongozwa kwa mapigo ya ishara yanayoiambia isimame wapi. King'amuzi cha mota moja hakifai nyingine mpaka mtengenezaji aseme hivyo waziwazi.

Anwani ndizo zinazowatoa watu jasho. Amri za pointi hupita kwenye reli zile zile zinazobeba umeme wa treni, ila namba zake ni za peke yake, hazigongani na namba za injini, na zinapita 2,000. Zimepangwa kwa makundi ya nne nne, ndiyo maana ving'amuzi vingi vinaendesha pointi nne. Ukiingiza anwani kwa njia ya CV (namba za mipangilio zilizomo ndani ya king'amuzi), kwa kawaida CV1 na CV9, mara nyingi huandiki namba ya pointi bali namba ya kundi: pointi ya 5 hadi ya 8 ni kundi la 2. Hapo bado kuna watengenezaji wanaohesabu tofauti. Mitambo ya Roco (mtambo ndio unaotuma amri kwenye reli) inajulikana kwa hili: pointi uliyoiita namba 1 kwenye mtambo mmoja inaweza kuitika kwa namba 5 kwenye mwingine. Tena usitegemee kuzisoma CV hizo kwenye reli ya kupangia, yaani kipande cha reli kinachotumika kuweka mipangilio. Injini hujibu kwa kuitikisa mota yake, lakini ving'amuzi vingi vya pointi havina cha kujibia.

Kwa hiyo napenda vile vinavyojifunza anwani kwa kitufe. Unabonyeza, taa ndogo inawaka, unatuma amri ya pointi kutoka kwenye rimoti yako, nacho kinaikariri. Mtambo wako uhesabu unavyotaka, namba uliyoituma leo ndiyo utakayoituma kesho.

Huu ndio mpangilio wangu kwa mtu mwenye pointi kati ya 4 na 12.

Nafasi ya kwanza naipa ESU SwitchPilot 3, ya Ujerumani. Ina skrini ndogo juu yake, hivyo anwani na mipangilio unaisoma na kuibadilisha papo hapo bila kukariri namba za CV. Kwa mtu anayeanza, hilo peke yake linastahili bei yake, na bei yake si ndogo. Inaelewa DCC na pia Motorola, lugha ya amri inayotumiwa na Märklin, kwa hiyo wenye reli za Märklin hawaachwi nje. Ukiwa na koili chukua ile ya kawaida. Ukiwa na sevo chukua toleo la Servo, linaloendesha nane.

Ya pili ni Digitrax DS64, na kwa mwenye mtambo wa Digitrax ningeipandisha iwe ya kwanza. Inaendesha pointi nne za koili au nne za mwendo wa pole, lakini zote nne lazima ziwe za aina moja. Inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa koili, na ukitaka mwendo wa pole unabadilisha chaguo namba 1. Hakikisha hapo mara mbili kabla ya kuunganisha waya, kwa sababu koili zikiwekwa kwenye mpangilio wa mwendo wa pole hazitadumu.

Kinachonifanya niithamini ni jambo ambalo matangazo hayalisemi sana. Treni ikiingia kwenye pointi iliyogeuzwa vibaya mara nyingi hupiga shoti, na reli nzima inazimika. King'amuzi kinachotegemea reli kwa umeme na amri kinazimika nayo, kwa hiyo pointi iliyoleta shoti huwezi kuigeuza mpaka uisogeze treni kwa mkono. DS64 inaweza kupewa adapta yake na kupokea amri kupitia waya wa LocoNet, mtandao wa amri wa Digitrax, hivyo inageuza pointi hata reli ikiwa imezimika. Kwa ving'amuzi vingine, ponea kwa kuvitengea waya wake kupitia kikata umeme cha peke yake, mbali na njia inayolisha treni.

Ya tatu ni Cobalt iP Digital ya DCC Concepts: mota na king'amuzi ndani ya boksi moja. Unasogeza swichi kwenda SET, unatuma namba, unairudisha RUN, basi. Ndani yake kuna pia swichi za kubadili umeme wa kile kipande cha chuma pale reli mbili zinapokatana. Kwa pointi tatu au nne ni raha tupu. Zikifika kumi, piga hesabu upya.

NCE Switch-8 ni ya nne, na ni ya wenye Tortoise tu. Inaendesha nane kwa mpigo, na kwa kila pointi gharama inashuka. Usiiunganishe na koili hata kwa kujaribu. Lenz LS150 inafuata: milango sita, kitufe cha kujifunza anwani, lakini lazima uwe na transfoma ya AC ya kuilisha.

Nje ya orodha naweka ya kujitengenezea, ambayo kwa aliye Nairobi au Dar es Salaam inaweza kuwa ndiyo njia ya karibu zaidi, maana Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiwekea programu) na sevo za SG90 zinapatikana Luthuli na Kariakoo bila kuagiza ng'ambo. Programu huria ya DCC-EX ikiunganishwa na bodi ya PCA9685 inaongoza sevo 16 moja kwa moja, bila king'amuzi chochote. Sevo zipe umeme wake wa volti 5, usiuvute kutoka kwenye Arduino. Na ukiamua kuagiza vya Marekani, soma adapta kabla ya kuichomeka: zipo zilizotengenezwa kwa volti 120 pekee.