Citi Bike kwa kuzurura Brooklyn wakati wa mapukutiko: chukua ya kawaida, iache ya umeme

Kwa anayetaka kuzunguka mitaa ya Brooklyn, jijini New York, taratibu mwezi wa Oktoba na Novemba, majani yanapogeuka rangi, baiskeli za kukodi za Citi Bike zinafaa sana, kwa sharti moja: uchukue ya kawaida. Ya umeme inatozwa kwa dakika, kwa hiyo hata ukisimama kupekua sanduku la vitabu ambalo mwenye nyumba ameliweka nje watu wajichukulie bure, unalipia. Ya kawaida inakupa dakika 45 kila safari ukiwa mwanachama, au 30 ukiwa na pasi ya siku, na muda unaanza upya kila unaporudisha moja kituoni na kutoa nyingine.

Hapo ndipo penye ufunguo wa matembezi yote, maana baiskeli hizi haziji na kufuli. Ukiona kitu cha kukutazamisha, tafuta kituo cha karibu, irudishe, tembea kwa miguu, kisha toa nyingine.

Kabla ya kutoa, minya matairi yote mawili kwa kidole gumba. Likibonyea, achana nayo. Siti iliyogeuzwa ikatazama nyuma ni alama ya wenyeji kwamba baiskeli ni mbovu. Nguzo ya siti ina namba: ipandishe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini, na uikumbuke namba yako. Kibebeo cha mbele kiko wazi pembeni, kwa hiyo bana begi kwa ile kamba ya mpira. Wakati wa kurudisha, isukume kwa nguvu hadi taa ya kijani iwake, halafu ivute kuhakikisha. Bila kijani haijafungika, na dakika zinaendelea kuhesabiwa.

Anzia Grand Army Plaza, uwanja ulio kwenye lango la kaskazini la bustani kubwa ya Prospect Park. Barabara ya ndani ya bustani hiyo ni mzunguko wa kilomita 5.4 wa mwelekeo mmoja, na magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku humo mwaka 2018. Mlima uko upande wa mashariki, unaporudi kaskazini. Baiskeli ina uzito wa takriban kilo 20, basi punguza gia kabla ya kuanza kupanda, si katikati ya mlima.

Kusini mwa bustani, Albemarle Road na Buckingham Road zina nyumba kubwa za mbao za mwanzoni mwa karne ya 20, na moja imejengwa kwa mtindo wa Kijapani. Ni mitaa ya kupita polepole kabisa. Makaburi ya Green-Wood hayaruhusu baiskeli. Rudisha yako kwanza, uende kwa miguu hadi lango la 5th Avenue na 25th Street. Tazama juu ya minara ya lango hilo: yale marundo ya vijiti ni viota vya kasuku wa kijani, jamii yenye asili ya Amerika Kusini. Ocean Parkway nayo ina njia ya baiskeli ya tangu 1894, lakini kabla ya kuteremka kuelekea baharini angalia kwenye programu ya simu ya Citi Bike kituo cha mwisho cha kurudishia kiko wapi.

Hatari ya msimu huu ni majani yaliyoanguka na kulowa mvua. Yanateleza, tena yanaficha mashimo na vyuma vya mifereji. Punguza mwendo kabla ya kuyafikia, yapite ukiwa umenyooka, usikate kona juu yake. Kibaya zaidi ni mti wa ginkgo, wenye majani ya njano yenye umbo la upepeo wa mkono. Matunda yake yakipondwa na tairi hutoa utelezi na harufu ya siagi iliyochacha, na harufu hiyo haibanduki kirahisi kwenye viatu.

Saa zikirudishwa nyuma kwa saa moja, kama inavyofanyika Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Taa za baiskeli zinajiwasha zenyewe. Kofia ngumu uje nayo, na watoto wa chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuziendesha.