Miaka minne chini ya mwembe: uzoefu wangu wa kufufua Corolla ya marehemu baba, Lubumbashi

Gari la marehemu baba, Toyota Corolla ya petroli ya mwaka 1998, lilisimama katika parsele yetu, yaani kiwanja chetu, mtaa wa Katuba, kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2024. Lilikuwa chini ya mwembe, limefunikwa turubai, na juu yake ilipita misimu minne ya mvua pamoja na vumbi jekundu la kiangazi ambalo kila mtu wa Lubumbashi analijua. Baada ya msiba hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliuza, wala hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya wa betri. Ninaeleza hapa huduma niliyopata kwa fundi mmoja mwenye gereji ndogo katika mtaa wa Kamalondo, kwa sababu kabla ya kumpata yeye nilikosea kuchagua, na kosa hilo nusura liue injini.

Vijana wa gereji ya kwanza walifika na betri ya gari lao na nyaya mbili. Hawakupima hata kiasi cha oili. Waliunganisha nyaya, wakaniambia niwashe. Stata iliizungusha injini kwa shida, ukatoka mlio mkavu wa chuma, na upande wa kiti cha nyuma, ambako pampu ya petroli imekaa ndani ya tangi, sikusikia chochote. Mmoja wao akashauri tulisukume hadi barabarani na kumimina petroli katika njia ya hewa ili injini ishike. Nilikataa, nikawalipa nauli yao, nikalifunika gari tena.

Fundi wa Kamalondo ni mzee, nami namwita papa, yaani baba. Swali lake la kwanza kwa simu lilikuwa kama gari lilizimwa likiwa zima au lilikufa njiani, na la pili lilikuwa kama kuna mtu aliyejaribu kuliwasha tangu hapo. Nilimweleza yote. Alipofika alikuwa na sanduku la spana, mpira wa kunyonyea na dumu tupu la lita 20. Nilipomnyoshea ufunguo, aliurudisha mkononi mwangu: "Mama, ukae nao wewe. Mimi sitauhitaji leo wala kesho."

Siku hiyo ya kwanza ndiyo iliyonifanya nimwamini. Alianza na kisanduku cha chujio la hewa, akatoa humo tambara na majani makavu ya mwembe, kwa maana panya walikuwa wamejenga. Akafuata nyaya moja moja kwa vidole hadi akapata mbili zilizotafunwa, akaziunga kwa kuyeyusha risasi na kuzivika mpira. Kisha akanyonya tangi. Zilitoka lita 11 hivi za kitu chenye rangi ya chai ya rangi, na harufu yake haikuwa ya petroli tena bali ya vanishi ya seremala. Alinieleza kwamba petroli, au esansi kama tunavyoiita hapa, huanza kuharibika ndani ya miezi michache: sehemu zake nyepesi huruka, na zile zinazobaki huungana na hewa na kuwa utomvu unaonata, ambao huziba nozeli, yaani vitundu vinavyonyunyizia petroli ndani ya injini, na kuikamata pampu. Kama vijana wale wangefanikiwa kuiamsha pampu, uchafu wote wa chini ya tangi ungesukumwa hadi kwenye injini. Hiyo petroli ya zamani hakuimwaga chini. Aliondoka nayo kwa ajili ya kuoshea vyuma.

Kabla ya kuondoka alifungua plagi zote nne, akadondosha katika kila silinda oili mpya kama vijiko viwili kwa sirinji, akaziba matundu kwa vitambaa safi. Nilimuuliza sababu. Alisema kwamba gari likilala muda mrefu oili hushuka yote chini, kuta za silinda hubaki kavu na kuanza kushika kutu, na ringi za pistoni hunata. Ukilizungusha kwa nguvu ya stata katika hali hiyo, chuma kinakwaruza chuma. Ule mlio mkavu niliousikia ulikuwa huo.

Kesho yake aliizungusha injini kwa mkono, akitumia spana kwenye puli ya chini, polepole, hadi ikakamilisha mizunguko miwili bila kukwama popote. Hapo ndipo alipomwaga oili ya zamani na kubadilisha chujio lake. Katika kisanduku cha dashibodi alikuta daftari ambamo baba aliandika kila matengenezo kwa kalamu ya bluu, na humo akaona kwamba mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaooanisha mizunguko ya injini na vali zake, ulibadilishwa mwaka 2013. Kilomita zilikuwa bado chache, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama, na mkanda huo ulikuwa na nyufa ndogo mgongoni. Tukanunua mwingine pamoja na rola yake.

Betri ilisoma volti 3 tu, wakati betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Alijaribu kuichaji usiku kucha kwa kutimiza wajibu, nayo haikupokea. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa miaka yote minne, kwa hiyo bitana za breki za nyuma zilikuwa zimegandana na dramu, yaani bakuli la chuma ambalo bitana hulibana; alizigonga kwa nyundo ya mpira kwa uvumilivu mkubwa. Silinda ndogo za breki za nyuma zilivuja, zikabadilishwa pamoja na oili yote ya breki, kwa sababu oili hiyo hufyonza unyevu wa hewa na mwishowe huchemka mapema gari linaposhuka mlima. Maji ya rejeta yalitoka na kutu, akayasafisha mara tatu.

Pampu ya petroli ilikuwa imekwama kabisa, na hapa ndipo tulipochelewa. Aliniahidi siku tatu. Kazi ilichukua siku tisa, kwa kuwa pampu mbili za kwanza alizopata mjini hazikuingia. Siku ya mwisho alitia lita 10 za petroli mpya, akachomoa fyuzi ya mfumo wa petroli, akazungusha injini kwa stata huku plagi zikiwa nje, hadi taa nyekundu ya oili ilipozimika, ishara kwamba oili imeanza kuzunguka. Akapima mgandamizo, yaani kani ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na silinda zote zikakaribiana, kati ya baa 10 na 11. Ndipo akaniomba ufunguo. Injini ilishika mara ya pili, ikatoa moshi mzito mweupe wa ile oili ya vijiko kwa dakika chache, kisha ikatulia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale akilia.

Kuhusu gharama, makadirio ya mwanzo yalikuwa dola 250, nami nililipa 410: betri 80, pampu 45, mkanda na rola 60, oili na machujio 40, breki 65, na kazi 120. Sioni kwamba nilidhulumiwa, kwa sababu kila kipuri cha zamani alinikabidhi mkononi, lakini nyongeza mbili alininunulia kwanza ndipo akaniarifu, na jambo hilo nilimwambia waziwazi kuwa silipendi. Vilevile hatoi bili iliyoandikwa. Nilimwomba aandike kazi zake katika daftari la baba, akaandika kurasa mbili kwa mwandiko safi, na tarehe na kilomita.

Kasoro kubwa kwangu ni matairi. Aliyajaza upepo, akasema yatanifaa kwa mjini. Baadaye nilisoma mwenyewe tarakimu nne ubavuni, 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014, na kando yake mipasuko midogo. Fundi makini kama yeye alipaswa kuniambia siku ya kwanza. Nilinunua manne mapya kabla ya kwenda Likasi, safari ya kilomita kama 120, ambayo gari lilikwenda na kurudi bila kupandisha joto.

Baada ya kilomita 500 alibadilisha oili tena, kama alivyokuwa ameagiza. Sasa kuna tone dogo la oili linaloonekana asubuhi chini ya injini, upande wa mkanda. Anasema ni sili ya mpira iliyokauka kwa kulala muda mrefu, na ataibadilisha Jumamosi hii bila kunitoza kazi, nami nitalipia sili yenyewe tu.