Nilipimwa damu mara tatu, jibu likaja na kipimo cha choo

Naanza na bei kwa sababu najua ndiyo wengi wetu hutafuta kwanza. Kipimo cha choo kilichonifungua macho nililipia shilingi 1,800. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamaliza zaidi ya 30,000 kwa vipimo na dawa, na tumbo liko palepale.

Mimi ni fundi wa nguo. Naishi Umoja, Nairobi, kibanda changu kiko karibu na River Road, ghorofa ya pili, na choo ni cha kulipia huko chini. Tumbo lilianza kunisumbua mwaka 2022: kiungulia usiku, gesi, chakula kunikaa kifuani, na asubuhi nyingine kuharisha hata kabla sijapanda matatu. Nilifika mahali nikawa sinywi kitu chochote hadi saa sita mchana ili nisiache mteja amesimama.

Kliniki ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilinitoa damu na kuniambia nina taifodi. Sikuwa na homa hata siku moja. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kile kipimo cha Widal hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, si mdudu mwenyewe, na kinaweza kumwonyesha mtu ana taifodi kumbe hana. Anayetaka uhakika, damu yake huwekwa maabara kuona kama mdudu ataota. Nilimeza antibiotiki siku kumi, bure.

Kliniki ya pili ikasema ni H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo. Hapa sikatai, huenda kweli nilikuwa naye. Mama mkwe alikuwa akiniambia nipunguze mawazo na pilipili, na hata madaktari waliwahi kuamini hivyo, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipomgundua mdudu huyu; walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Nilipewa dozi ya siku 14, vidonge asubuhi na jioni, mdomo ukawa mchungu kama shubiri. Nilimaliza zote. Kiungulia kilipungua sana, lakini kuharisha hakukukoma. Nikarudi, wakanitoa damu: bado unaye. Dozi nyingine ya siku 14. Damu tena: bado unaye. Siku hiyo nililia ndani ya matatu kutoka mjini hadi Umoja.

Aliyeniokoa ni mteja, mama mmoja muuguzi aliyekuja kupimiwa gauni la harusi ya bintiye. Alinisikia nikilalamika, akauliza, "Fundi, wanakupima damu au choo?" Nikamwambia damu. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba damu inaonyesha mwili uliwahi kupigana na huyo mdudu. Kingamwili zinaweza kubaki miezi, hata miaka, baada ya mdudu kufa, kwa hiyo kunipima damu baada ya dozi hakuwezi kusema kama nimepona. Kujua kama yupo sasa hivi ni kupima antijeni, yaani chembe za mdudu mwenyewe, kwenye choo, au kupuliza pumzi kwenye kile kipimo cha yurea, au kuingizwa kamera na kukatwa kinyama kidogo cha tumbo. Miaka miwili, na hakuna aliyekuwa ameniambia hilo.

Nilienda maabara moja ndogo Ngara, na hapa ndipo sifa zangu zote zinapoelekea. Kijana wa mapokezi aliniuliza maswali mawili kabla ya kugusa pesa: antibiotiki nilimaliza lini, na je, natumia omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni? Nilikuwa nimeimeza asubuhi hiyohiyo. Akakataa pesa yangu. "Mama, ukipima leo unaweza kuambiwa huna kumbe unaye. Kaa wiki nne bila antibiotiki, wiki mbili bila omeprazole, halafu uje." Wiki zile mbili zilikuwa ngumu, kiungulia kilirudi na nikaishi kwa Eno, ile poda ya kiungulia. Lakini nilimheshimu sana kijana yule. Nilirudi na kikopo changu nimekifunga karatasi mbili, na jioni ileile jibu likatoka: hakuna mdudu. Zile dozi zilikuwa zimefanya kazi.

Sasa kwa nini naharisha? Jibu lile nililipeleka kwa daktari wa mfumo wa chakula katika hospitali ya umma. Foleni ilinila siku nzima, na hilo ni lalamiko langu la kweli, ila alinipa muda. Aliuliza kama nimepungua uzito, kama choo ni cheusi au kina damu, kama chakula kinakwama nikimeza, kama kuna aliyeugua saratani katika familia. Alisema ningeitikia hata moja angenipeleka kwenye kamera bila kuchelewa, maana saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi. Akaagiza choo kipimwe minyoo na amiba, pamoja na kaliprotektini, kipimo kinachoonyesha kama kuta za utumbo zimevimba kwa ndani. Hiki ni ghali, 5,500, nilijikaza. Vyote vilirudi safi.

Kisha akaniuliza nakunywa chai ya namna gani. Chai ya maziwa, mara tatu kwa siku, kama kila mtu ninayemjua. Akanituma nyumbani niache maziwa wiki mbili, nihesabu siku za kuharisha, halafu ninywe glasi moja kamili nione. Siku ya tano tumbo lilikuwa kimya. Ile glasi niliinywa Jumamosi saa nne asubuhi, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshaenda chooni mara mbili. Sasa nanywa chai ya rangi yenye tangawizi. Mala kidogo, yale maziwa ya mgando, tumbo linaivumilia.

Wiki iliyopita nilimpeleka kaka yangu Ngara. Naye alikuwa amemeza omeprazole asubuhi, akarudishwa na kikopo chake, akanikasirikia njia nzima hadi kituo cha matatu. Nimemwekea tarehe ya kurudi kwenye simu yangu.